Gharama za Mufilisi: Tangu Sayyidna Umar Hadi Singida

Mfanyabiashara wa vitunguu au alizeti wa Singida akizidiwa na madeni, huenda akashauriwa atafute wakili ili atangazwe rasmi kuwa mufilisi. Swali ni hili: aliyekosa cha kuwalipa wadai atautoa wapi ujira wa wakili? Wanazuoni wetu hawakulipuuza.

Imamu Malik amepokea katika Muwatta kisa cha Usayfi', mtu wa kabila la Juhayna. Alikuwa akinunua ngamia kwa bei ya juu ili awatangulie mahujaji wenzake, hadi akafilisika. Sayyidna Umar (r.a.) akawatangazia watu kwamba kila anayemdai aje asubuhi, mali igawanywe baina yao. Hakutajwa wakili, wala ada. Kabla yake, kama alivyopokea Muslim kwa Abu Said al-Khudri (r.a.), kulikuwa na mtu aliyepata hasara katika matunda aliyoyanunua. Mtume (s.a.w.) aliwaamrisha watu wamtolee sadaka, ilipopungua, akawaambia wadai wachukue kilichopatikana na kwamba hawana zaidi ya hicho. Wanunuzi wa vitunguu wataielewa hali ya mtu yule bila kufasiriwa.

Miji ilipopanuka, mali ya mufilisi ilihitaji dalali, mpimaji, mchukuzi na ghala. Imamu Nawawi katika Rawdha ameeleza kuwa, asipopatikana wa kujitolea na Baitul-mali isipotosha, ujira wa hawa hutolewa katika mali ya mufilisi kabla ya wadai kupata chao. Ibn Qudama naye ameelekea huko huko katika al-Mughni. Na kwa Mashafi'i, kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba mdaiwa mwenyewe aweza kumwomba kadhi amwekee hajru, yaani azuiwe kuitumia mali yake. Kumweka wakili ni halali, kwani Sayyidna Ali (r.a.) alimwakilisha nduguye Aqil katika mashauri yake. Lakini wakili hakuwa mlango wa lazima.

Huku kwetu, Waingereza walileta Sheria ya Kufilisika mwaka 1930, kwa mfano wa sheria yao ya 1914. Leo ni Sura ya 25. Shauri lake husikilizwa Mahakama Kuu, na kwa miaka mingi mtu wa Singida aliifuata Dodoma, safari ya zaidi ya kilomita 200. Nayo sheria hii hutanguliza gharama za kusimamia mali kabla ya madeni, jambo lililo karibu na alilolieleza Nawawi. Uzito uko mwanzoni: nauli, ada ya mahakama na wakili vyataka fedha mkononi kabla mali haijaguswa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwekwa kwa ajili ya wasio na uwezo, na asiye na kitu aanzie hapo.

Kuna la nyumba pia. Mashafi'i husema nyumba ya mufilisi huuzwa; Mahanbali humwachia ile asiyoweza kuikosa. Kwa ajabu, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya 1966 imeelekea kwa Mahanbali: katika kukazia hukumu, nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake haikamatwi, isipokuwa aliyoiweka rehani, wala zana za mkulima. Mwenye nyumba na jembe aliulize hilo kabla ya kumlipa wakili shilingi ya kwanza.