Kufa Kufaana, Ndani ya Glasi

Kizibo kilikatikakatika, nikadhani tumeshaharibu. Tulikuwa Haro, mji mdogo wa Rioja, kaskazini mwa Hispania, na mvinyo ulikuwa wa 1982. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Nilitarajia wekundu, kwenye glasi nikaona rangi ya tofali. Kunusa: tumbaku, ngozi ya kiti cha zamani, zabibu kavu. Nikanyamaza kwanza.

Ladha hii ilianzia kwenye msiba wa jirani. Miaka ya 1860 filoksera, mdudu wa Marekani anayefyonza mizizi ya mizabibu, aliingia Ufaransa na kuangamiza mashamba. Wafanyabiashara wa Bordeaux wakavuka mpaka kutafuta mvinyo. Haro ilikuwa na reli, basi karibu na stesheni zikajengwa nyumba za mvinyo: López de Heredia 1877, CVNE 1879. Mbinu ya kulaza mvinyo kwenye mapipa madogo ilitoka Bordeaux. Mbao za mwaloni zilitoka Marekani. Mpaka leo Gran Reserva nyekundu ya Rioja haiuzwi kabla ya miaka 5, miwili ikiwa ya pipani.

Kufa kufaana, ndiyo. Ila mwenzako akinyolewa, wewe tia maji: mwaka 1899 mdudu akafika Rioja. Dawa nayo ikatoka kulekule Marekani, kupandikiza mizabibu ya Ulaya juu ya mizizi ya huko.

Tunausifu mvinyo mkuukuu kwa subira yake. Mimi nilimaliza glasi yangu taratibu, nikijua nimeonja pia kilio cha mtu.