Bendi za Tabora na Njia ya Misafara

Msafiri atokaye Singida kwenda Nzega hukata mbuga ya Wembere kabla ya kufika Igunga. Sokoni pale atasikia Kinyamwezi, Kisukuma, Kinyiramba na Kitaturu; lakini muuzaji na mnunuzi ambao lugha za mama zao hazikutani hupatana bei kwa Kiswahili. Jambo hili ni la kila siku, hata hapana alionaye kuwa ajabu. Walakini mwenye kutaka kujua habari za muziki wa dansi upande huu wa Tanzania yampasa aanze hapo, kabla ya kutaja gita wala saksafoni. Kwa kuwa bendi za huku ziliundwa kwa desturi ya soko: watu wa asili mbalimbali walipatana kwa kazi moja na lugha moja.

Desturi hiyo ina umri mkubwa kuliko bendi. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo ilipita kusini ya Igunga, ikavuka Ugogo na nyika ya Mgunda Mkali, ikatua Unyanyembe, kisha ikashika njia ya Ujiji. Burton na Speke walipofika Kaze, Novemba 1857, walikuta kituo cha biashara ambapo Waarabu, Waswahili na Wanyamwezi walikwisha kuzoeana. Mpagazi alichukua mzigo upatao frasila mbili, na mbele ya msafara alikwenda kirangozi pamoja na mlio wa ngoma. Si haki kuipamba njia hiyo, kwa maana ilipitisha pembe na ilipitisha watumwa pia. Lakini iliacha mambo mawili yaliyodumu. La kwanza ni Kiswahili, kilichofika bara kabla ya shule za serikali. La pili ni utani, kama ule wa Wanyamwezi na Wazaramo, uliomwezesha mgeni wa mbali kupata mtu wa kumfanyia mzaha akiwa mzima, na wa kumshughulikia katika mazishi yake akifa ugenini.

Kisha reli ilifuata nyayo za misafara. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Na mwaka 1928 tawi la kwenda Mwanza likakamilika. Hivyo Tabora ikawa njia panda ya makarani, askari, wanafunzi na wafanyakazi wa reli. Ngoma ya beni, iliyozaliwa pwani kwa kuiga matarumbeta ya jeshi, ilienea bara kwa njia kama hizi, na vyama vyake viliwakusanya watu wasiokuwa wa ukoo mmoja. Kwa hiyo gita lilipokuja, lilikuta watu waliokwisha kujifunza kucheza pamoja na wageni.

Hapo ndipo zilipotokea Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz. Yafaa kuyatazama majina haya. Nyanyembe na Tabora ni mahali ambapo misafara ilitua. Hakuna hata moja lililojiita bendi ya kabila. Huko Dar es Salaam nako, mwaka 1959, Iddi Nhende, mwenye asili ya Nzega, alianzisha Western Jazz. Wakati huo Igunga ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Nzega, na yote yalikuwa katika Jimbo la Magharibi, ambalo makao yake yalikuwa Tabora. Jimbo lilikuwa mstari uliochorwa na Waingereza kwa ajili ya utawala wao. Vijana walilitwaa jina lake wakalitia uhai ambao mchoraji hakuukusudia. Kwao "Western" ilikuwa jina la kwao, pana kiasi cha kuwatosha Mnyamwezi, Msukuma, Muha na mwingine yeyote aliyetoka upande ule.

Wapigaji wenyewe walitembea. Shem Karenga alizaliwa Kigoma, akaanzia muziki huko, kisha akajiunga na Tabora Jazz, waliojulikana kwa mtindo wa Segere Matata, na "Dada Asha" ikamfanya ajulikane nchi nzima. Safari yake kutoka ziwani hadi Tabora ndiyo njia ya Ujiji ya misafara, ikifuatwa kwa kurudi.

Lakini kuna hoja isiyofaa kuikwepa. Mwacha mila ni mtumwa, wahenga walisema. Desemba 1962 Mwalimu Nyerere, ambaye mwenyewe alisoma Tabora na baadaye akafundisha huko, alilihutubia Bunge akasikitika kwamba wengi wa waliosoma waliweza kucheza dansi za Kizungu na rumba, ilhali hawakuzijua ngoma kama Gombe Sugu na Lele Mama. Tangu hapo wako waliosema kuwa bendi za jazz ni mfano wa utumwa huo. Hao huisahau nusu ya pili ya maneno yake; kwa kuwa katika hotuba hiyo hiyo alionya kuwa taifa likataalo kujifunza kwa wengine ni taifa la wapumbavu.

Tena, ni nani aliye mgeni hapa? Santuri za GV, zilizoanza kutolewa mwaka 1933, zilileta Afrika muziki wa Kuba, ambao nusu ya damu yake ilitoka Afrika katika majahazi ya watumwa. Na jazz ya Marekani, iliyotukopesha jina, ilizaliwa na Waafrika wa huko. Hata banjo, ambayo Wazungu wa milimani kwao huihesabu kuwa yao, asili yake ni ala za Afrika. Mgeni njoo, mwenyeji apone: mara hii mgeni alikuwa jamaa aliyepotea muda mrefu.

Mwaka 1993 iliundwa Shikamoo Jazz, kwa msaada wa shirika la HelpAge, ikakusanya wazee waliowahi kupiga katika bendi mbalimbali ambazo nyingi zilikuwa zimekwisha kufa. Miongoni mwao alikuwamo Salum Zahoro, aliyekuwa kiongozi wa Kiko Kids. Wazee hao hawakuhitaji kufundishwa kupatana.

Leo nyimbo zile huitwa zilipendwa, nasi huridhika kuzisikia redioni bila kuuliza habari za waliozipiga. Hiyo ni hasara. Katika msafara, mtu hakuulizwa kwanza kabila lake, bali kama bega lake litauweza mzigo. Bendi za Tabora zilidumisha swali hilo, zikalijibu kwa Kiswahili, wala sioni mila iliyo yetu zaidi ya hiyo.