Mtu wa Bodi: Historia ya Mahudhurio ya Shule katika Uingereza

Nchi yaweza kujenga shule, ikaajiri walimu na kununua vitabu, lakini mtoto asipofika darasani gharama yote hiyo huwa bure. Wahenga walisema kuwa asiyekuwepo na lake halipo. Katika Uingereza kazi ya kumfikisha mtoto shuleni imekuwa mikononi mwa mamlaka za mitaa kwa muda wa zaidi ya miaka 150, na historia ya kazi hiyo ina mafunzo. Ilianza kama msako wa watoro. Lakini wale waliotumwa kuwasaka ndio waliogundua, milangoni mwa watu, kwamba utoro aghalabu una sababu yake.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1870, iliyopelekwa Bungeni na W. E. Forster, mbunge wa Bradford, iliruhusu wananchi wachague bodi za shule mahali palipokuwa na upungufu wa shule. Bodi hizo zilipewa hiari ya kutunga kanuni za kuwalazimisha watoto wa miaka 5 hadi 13 kuhudhuria masomo. Mwaka 1876 pakaundwa kamati za mahudhurio mahali pasipokuwa na bodi, na mwaka 1880 hiari ikawa faradhi: kila mtaa, katika Uingereza na Wales, ulipaswa kuwa na kanuni za kulazimisha. Mzazi aliyezivunja aliweza kutozwa hadi shilingi 5, gharama za mahakama zikiwemo.

Lakini sheria haina miguu, hivyo bodi zikaajiri watu wa kuitembeza. Hawa walipewa sehemu zao za mji, wakaandika katika madaftari kila nyumba yenye watoto, majina yao na umri wao, kisha wakarudi tena na tena kuuliza kwa nini fulani hakuonekana darasani. Watu waliwaita kwa kifupi "mtu wa bodi", wala jina hilo halikutamkwa kwa mapenzi. Milango ilifungwa walipoonekana, na watoto walifichwa. Hata mahakimu mara nyingi walisita kumtoza faini mama mjane ambaye kosa lake lilikuwa kumtuma mwanawe kazini ili apate mkate.

Waliyoyakuta humo ndani yalikuwa ya namna nyingi. Msichana alibaki nyumbani siku ya kufua ili amlee mdogo wake. Mvulana hakuwa na viatu, na nje theluji ilianguka. Huko Kent, msimu wa kuchuma hopsi, mimea itumiwayo kutengenezea bia, uliondoa jamaa nzima mijini kwa majuma kadhaa. Tena ilikuwako karo ya peni chache kila juma, ambayo kwa kibarua mwenye watoto wanne ilikuwa mzigo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na mtu wa bodi, ijapokuwa hakukilalia kitanda hicho, alikuwa mtumishi wa umma aliyekikaribia kuliko wengi.

Ushahidi wa jambo hili ulitoka mahali pasipotazamiwa. Charles Booth, tajiri wa meli, alipoanza mwaka 1886 kuchunguza hali ya maisha ya watu wa London, hakuanza kwa kwenda nyumba kwa nyumba. Aliwahoji wageni wa bodi ya shule, yaani watu wale wale wa mahudhurio, akazitumia habari walizokuwa wamezikusanya mtaa kwa mtaa. Kutokana na habari hizo alihesabu kwamba watu wapatao 30 katika kila 100 wa mji ule waliishi katika umaskini. Daftari lililoandikwa ili kumkamata mtoro likawa kioo cha ufukara wa mji mkuu.

Baada ya kioo, dawa zikafuata moja moja. Mwaka 1891 karo iliondolewa katika shule nyingi za msingi. Huko Bradford, Bibi Margaret McMillan, aliyechaguliwa katika bodi mwaka 1894, alidai watoto wakaguliwe afya zao na shule ziwe na bafu. Sheria ya mwaka 1902 ilivunja bodi na kuyakabidhi mabaraza ya mitaa kazi ya elimu. Ile ya mwaka 1906 iliyaruhusu mabaraza hayo kuwalisha wanafunzi wenye njaa, na ile ya mwaka 1907 ikaleta ukaguzi wa afya. Bradford ulifanya jaribio mwaka 1907 kwa watoto wapatao 40: walipolishwa uzito uliongezeka, na chakula kilipokatizwa wakati wa likizo ukapungua.

Hata hivyo, si haki kuidharau shuruti. Viwanda vya nguo vilihitaji vidole vidogo, na wazazi wengi walihitaji ujira wa vidole hivyo. Desturi ya mtoto kufanya kazi nusu siku na kusoma nusu siku haikufutwa kwa maonyo mema, bali kwa Sheria ya mwaka 1918, iliyoweka umri wa kuacha shule kuwa miaka 14. Kama pasingekuwa na mtu wa kugonga mlango kwa jina la sheria, mtoto wa kiwandani asingekuwa na mtetezi dhidi ya haja ya mwajiri, wala dhidi ya shida ya baba yake mwenyewe.

Mvutano huu wa shuruti na msaada haukwisha. Sheria ya mwaka 1944 ilimpa mzazi wajibu wa kuhakikisha mtoto anasomeshwa, na ikayapa mabaraza kazi ya kutoa chakula na maziwa shuleni. Afisa wa mahudhurio akaitwa afisa wa ustawi wa elimu, na ripoti ya Ralphs ya mwaka 1973 ikahimiza apewe mafunzo kama mtumishi wa jamii. Kisha Sheria ya mwaka 2003 ikarudisha fimbo: faini bila kwenda mahakamani.

Swali la zamani lilirudi kwa nguvu baada ya maradhi ya korona. Katika mwaka wa masomo wa 2018/19, wanafunzi wapatao 11 katika kila 100 walikosa sehemu ya kumi au zaidi ya masomo yao. Katika 2021/22 walizidi 22. Mwongozo uliopata nguvu ya sheria mwezi Agosti 2024 unalitaka kila baraza liwe na kikundi cha mahudhurio, kikutane na kila shule walau mara moja kila muhula, na kwanza kitafute kinachomzuia mtoto, iwe ugonjwa, hofu, makazi mabaya au uhasama darasani. Faini bado ipo, nayo imepanda kutoka pauni 60 hadi 80.

Kwa hiyo mabaraza ya Uingereza yamerejea kwa amri pale ambapo mtu wa bodi alifikishwa na uzoefu. Sheria iliweza kumleta mtoto hadi mlangoni mwa shule. Lakini viatu, chakula, afya na mtu wa kumsikiliza ndivyo vilivyombakiza ndani. Baraza linalohesabu wasiofika bila kuuliza kwa nini lina nusu tu ya daftari, na nusu inayokosekana ndiyo aliyokuwa akiisoma yule mtu aliyefungiwa milango.