Kabureta ya Babu

Ukoo wetu una hadithi moja inayosimuliwa kila tukikutana, msibani au harusini, na mimi nimeicheka tangu meno ya utoto hayajang'oka. Eti mwaka 1983 Babu alitupa kabureta mpya chooni. Mpya kabisa, haijafungwa kwenye gari hata siku moja, bado imo ndani ya boksi lake na karatasi yake ya mafuta. Akaidumbukiza kwenye choo cha shimo usiku wa manane kwa kuogopa mgambo. Hapo wajomba hushika mbavu, mmoja huigiza Babu akichungulia dirishani, na mwingine hutamka yale maneno yanayomaliza hadithi: "Mzee wetu alikuwa dereva hodari, lakini moyo wake wa kuku!"

Nimeanza na hadithi hiyo, ndugu msomaji, kwa sababu gari lenyewe sasa ni langu. Wajomba walilikataa. Mama alisema liuzwe chuma chakavu. Mimi nikasema nipeni mimi, na nikapewa haraka kabla sijabadili mawazo.

Ni Peugeot 404, ambayo watu wa Tanga waliiita Pijo tu. Ilichorwa na Pininfarina wa Italia na kutolewa mwaka 1960, ina injini ya cc 1618 iliyolazwa ubavu kwa digrii 45 ili boneti ikae chini. Babu aliinunua mwaka 1972 kwa meneja mmoja wa shamba la mkonge aliyekuwa anarudi kwao, akaifanya teksi ya Tanga, Korogwe na Lushoto. Wazee wanaokumbuka mlima wa Mombo wakati ule watakuambia gari gani lilipanda bila kuchemsha. Na Babu alikuwa na la kuongezea: hii ndiyo gari iliyoshinda mashindano ya Safari mwaka 1963, ikarudia 1966, 1967 na 1968. Ni kweli. Mwaka 1963 na mwaka 1968 ni magari saba tu yaliyofika mwisho, na mara zote mbili mbele yao alikuwa Nick Nowicki na Pijo yake. Miaka ya katikati alishinda Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Dar es Salaam. Ila Babu hakupenda kuambiwa kwamba zile 404 za Shankland hazikuwa na kabureta. Zilikuwa na pampu ya kupuliza petroli moja kwa moja. Ya kwetu ilikuwa ya watu wa kawaida, yenye kabureta ya Solex. Na humo ndimo ilimokuwa shida yetu yote.

Gari lilisimama chini ya mwembe, nyumbani Ngamiani, tangu mwaka 1991. Mwaka jana nilimwita fundi, mzee aliyewahi kulihudumia enzi zake. Alizunguka mara moja, akapiga tairi teke, akafungua boneti. Injini ilizunguka kwa mkono, jambo lililomshangaza hata yeye. Tukaweka betri, tukatia petroli. Ikawaka, ikanguruma, ikapanda, ikashuka, ikazima. Tukarudia, hivyohivyo. "Haina silensa," fundi akasema. "Inavuta hewa pembeni. Fungua hiyo kabureta, mwanangu, lakini polepole. Humo ndani kuna mambo."

Kwa asiyejua, kabureta ni kitu chepesi kuelezeka. Hewa inayoingia kwenye injini hupitishwa katika njia iliyobanwa kiuno. Hapo kiunoni hewa hukimbia zaidi na msukumo wake hupungua, nayo petroli iliyo kwenye kijibakuli cha pembeni huvutwa kupitia tundu dogo na kutawanyika kama marashi. Wahungari wawili, Donát Bánki na János Csonka, walipata hati ya ugunduzi wa namna hiyo mwaka 1893. Husimuliwa kwamba walimwona muuza maua akiyapulizia maji maua yake. Sijui kama kisa hicho ni cha kweli au ni kama zile hadithi za ukoo wetu. Hilo tundu dogo huitwa jeti, na kwenye jeti huchongwa namba inayotaja upana wake kwa sehemu za mia za milimita. Yaani jeti yenye namba 130 ina tundu la milimita 1.30. Namba ni ahadi ya kiwanda.

Nilizifungua skrubu zile juu ya gunia. Hakuna mbili zilizofanana. Nilipoinua kifuniko nikakuta pakingi iliyokatwa kwa mkasi kutoka jalada la daftari la shule, na upande wa ndani jedwali la kuzidisha bado linasomeka: saba mara nane, saba mara tisa. Kwenye ule mhimili unaofungua na kufunga hewa, matundu yaliyolika yalikuwa yametiwa vipande vya shaba. Fundi alivitambua, alivikereza mwenyewe kutoka kwenye bomba la maji la zamani. Kisha nikatoa jeti. Namba ilisema jambo moja, tundu likasema jingine. Ndani yake kulikuwa na uzi mwembamba wa waya wa umeme, umekunjwa ncha ili usianguke.

"Huo niliutia mimi," fundi akasema, bila aibu na bila majivuno. "Ili gari linywe kidogo."

Tuliokua zama hizi hatuna budi kuelezwa. Bei ya mafuta duniani ilipanda mwaka 1973 na ikapanda tena mwaka 1979. Katikati yake Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera, vita ikaenda hadi Kampala ikatangulia kuanguka Aprili 1979, na hazina yetu ikabaki mifupa. Fedha za kigeni hazikuwepo, kwa hiyo vipuri havikuwepo. Ilifika wakati magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa 8 mchana. Watu walipanga foleni ya sabuni; sembuse kabureta ya Mfaransa.

Na kumbe hazikuwa mbali! Mombasa hiyo hapo. Kenya waliendelea kuunda pick-up za 404 hadi mwaka 1991, wakati Ufaransa yenyewe ilikwisha acha saluni zake mwaka 1975. Ukisimama ufukweni Moa unaona upande wa pili kwa macho. Lakini kipuri ambacho mwaka 1976 ungekifuata kwa basi na kurudi jioni, mwaka 1978 kilikuwa magendo. Ndiyo maana mtu mwenye akili timamu, fundi aliyejifunza kazi yake vizuri, alichukua waya wa umeme akauingiza kwenye jeti. Anajua kabisa injini itachemka. Atafanyaje?

Babu alivumilia miaka sita. Mwanzoni mwa 1983 akaagiza kabureta kwa watu wa mashua, ikaja usiku kutoka upande wa Vanga. Machi mwaka huohuo, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ukaanza msako wa wahujumu uchumi. Wapo waliokamatwa na maghala kweli, siwatetei. Lakini hofu haikuuliza una katoni mia au una boksi moja. Watu walitupa vitenge vichakani, sabuni mitoni, redio visimani. Sisi tukatupa kabureta. Novemba, miezi minane baadaye, mpaka ukafunguliwa. Bajeti ya 1984 ikaruhusu wenye fedha zao waagize bidhaa kutoka nje bila kuulizwa wamezipata wapi. Babu akaendelea na waya wake wa umeme mpaka gari likachoka, naye akachoka.

Sasa ilikuwa zamu yangu kutafuta. Nilianzia Tanga, nikacheka na kuchekwa. Nikashuka Dar es Salaam, Gerezani, nikiwa nimebeba ile kabureta kuukuu kwenye mfuko wa rambo kama mtu aliyebeba samaki. Duka la kwanza kijana aliigeuzageuza akaniuliza ni ya mashine ya kusaga? La pili walinionyesha kabureta ya Toyota, nzima, ya bei nzuri; wakasema tunakukerezea bamba la alumini hapa katikati, mashimo yaoane, gari linawaka leoleo. Nilikaribia kukubali. Kwa nini nisikubali? Gari lile limeishi kwa viraka, kimoja zaidi kingelidhuru nini? Lakini viraka vya zamani vilitiwa kwa sababu mlango ulifungwa. Siku hizi mlango uko wazi, na mimi ningekuwa napita dirishani kwa uvivu tu.

Nikampigia binamu aliyeko Mombasa. Ilimchukua wiki tatu. Akaipata kwa mzee mmoja mwenye pick-up mbili za 404, moja inatembea na nyingine inaliwa kidogokidogo ili ya kwanza itembee. Nilipanda basi asubuhi. Solex, shingo ya milimita 32 kama ya kwetu. Nikautikisa mhimili, haukucheza. Nikaitoa jeti kwa bisibisi palepale barazani, nikaielekeza juani nikatazama. Tundu la duara, safi, halina kitu. Mzee yule alidhani nakagua uchafu. Nikalipa, nikamwomba risiti. Akashangaa, akachana karatasi kwenye daftari akaandika.

Horohoro, ofisa alifungua boksi. "Hiki nini?"

"Kabureta, afande. Iliyotumika. Risiti hii hapa."

Hakuisoma. Aliniangalia kwa huruma kidogo, akasema, "Haya, pita," na macho yake yakahamia kwa mama mmoja mwenye mabegi. Kazi nzima haikuchukua muda wa kumaliza kikombe cha kahawa.

Nilifika nyumbani magharibi. Bibi alikuwa barazani na tasbihi yake. Nikamwekea boksi mapajani. Nilidhani atacheka, maana hadithi ile humchekesha kila mtu. Hakucheka. Aliipapasa kabureta kwa vidole, akataka kujua imepitaje mpakani. Nikamwambia nimepita mchana, na risiti ninayo.

"Nipe niione."

Akaishika karibu na taa ingawa macho yake hayasomi tena. Kisha akasema, "Mume wangu, mimi ndiye niliyeitupa ile."

Babu siku hiyo alikuwa Lushoto na abiria. Mgambo walikuwa barabara ya pili, wanaingia nyumba kwa nyumba. Bibi alikuwa peke yake na watoto watano, mama yangu akinyonya, na boksi limo uvunguni mwa kitanda. Hakusubiri. Babu aliporudi alfajiri akaambiwa. Alikaa kimya kitambo, maana kabureta ile ilikuwa imenunuliwa kwa herini za dhahabu za mama yake mzazi, na mama mkwe yule, Bibi anasema, hakuwa mtu wa kusamehe hata chumvi iliyozidi. Ndipo Babu akasema, "Ukiulizwa, sema nimetupa mimi." Mama yake alimnunia mwaka mzima. Wajomba wakaikuta hadithi hivyo, wakaikuza na kuitia chumvi, naye kila ilipotolewa aliketi pale akitabasamu, hadi amekufa.

"Na wewe Bibi hukusema?"

"Alinikataza. Baadaye ikawa imeshazoeleka."

Jumamosi fundi alikuja tukaifunga. Aliweka pakingi mpya ya dukani, akaikaza skrubu moja huku, moja kule, ili isipinde. Ile jeti yenye waya nimeihifadhi kwenye kijichupa cha dawa. Injini ilikohoa mara mbili, ikashika, ikatulia, ikabaki inaunguruma chini kwa chini mpaka majani ya mwembe yaliyokuwa juu ya boneti yakaanza kutetemeka. Bibi alitoka nje, akasimama mlangoni na kanga yake kichwani. Akaniita kwa mkono. Nilidhani anataka kupanda.

"Ile risiti," akaniambia sikioni, "umeiweka wapi?"