Ukuta wa Wafaransa na Visiwa Vilivyochorwa Bila Kuulizwa



Karatasi za ukutani zimerudi. Bi harusi wa siku hizi, hata kabla ya kuulizia kitanda, anataka kujua chumba kitabandikwa karatasi gani: ya maua, ya minazi na bahari, au ile inayong'aa kama dhahabu. Leo tunaleta habari ya karatasi moja ya Kifaransa yenye miaka zaidi ya 200, na ya msanii mmoja wa kisiwani, mwanamke, aliyesimama mbele yake akaona kuwa wanaodaiwa kuwa wahenga wake hawafanani nao hata kidogo.

Karatasi hiyo ilitengenezwa Mâcon, Ufaransa, mwaka 1804 na 1805, katika kiwanda cha Joseph Dufour, kwa michoro ya Jean-Gabriel Charvet. Ilikuwa na vipande 20. Ukivipanga ubavu kwa ubavu unapata mandhari moja ya urefu wa mita 10 hivi, ya kuzungusha chumba. Rangi zilipigwa kwa chapa za mbao, moja baada ya nyingine, kazi ya mkono kama ya kupiga chapa vitambaa. Jina lake kwa Kiswahili ni "Washenzi wa Bahari ya Pasifiki". Tajiri alinunua washenzi apambie sebule, akakaa mbele yao na wageni wake wakala wakanywa.

Watazame wanawake wake. Katikati wapo wachezaji wa Tahiti, wanacheza mbele ya mfalme wao. Ngozi zimepaushwa, na nguo zao ni nyeupe, nyepesi, zimekazwa chini ya kifua kisha zikaachiwa zianguke mpaka miguuni. Hiyo ilikuwa fesheni ya Paris ya miaka ile, iliyoigwa kwa masanamu ya Kigiriki na Kirumi. Watahiti wenyewe walivaa tapa, nguo ya gome la mti. Wanawake ndio walioliloweka gome na kuligonga kwa magongo ya mbao mpaka likawa laini na pana, jambo ambalo dada zetu wa Uganda watalielewa upesi kwa sababu ya lubugo lao. Mchoraji alitegemea vitabu na picha za safari za mabaharia, kisha akawavisha watu alivyopenda. Watu wa Tahiti, Tonga, Hawaii, Nyuzilandi, na hata wa pwani ya magharibi ya Kanada, wamesimamishwa katika bustani moja kama majirani wa mtaa mmoja, ilhali baina yao kuna maelfu ya maili za bahari.

Iliuzwa pamoja na kijitabu cha maelezo. Humo Dufour aliwaahidi wanunuzi kwamba mama mwenye nyumba ataweza kumfundisha binti yake historia na jiografia bila taabu, kwa kumwonyesha ukuta. Hapa tulisita kidogo, maana sote tunajua mafunzo ya mama sebuleni yanavyoganda. Binti yule alikua akiamini kuwa watu wa visiwani ni warembo, wanacheza mchana kutwa, na hawana neno na mgeni. Kifo cha Kapteni James Cook, aliyeuawa Hawaii tarehe 14 Februari 1779, kimo katika mchoro, lakini kimesukumwa mbali huko nyuma ya ngoma, kidogo sana. Hukioni usipoonyeshwa.

Lisa Reihana ni Mmaori, mzaliwa wa Auckland, mwaka 1964. Aliikuta karatasi hiyo mwaka 2005 katika jumba la taifa la sanaa la Australia, mjini Canberra. Jibu lake lilichukua miaka. Mwaka 2015 alionyesha Auckland video pana ajabu, na mwaka 2017 Nyuzilandi ikaipeleka Venice, Italia, kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya kila baada ya miaka miwili. Toleo hilo la Venice linachukua dakika 64.

Mandhari ya Dufour ameyabakiza: miti, maji na milima ya namna ileile. Walioondoka ni wale watu wa karatasi. Mahali pao ameweka watu hai, Wamaori, watu wa visiwa vingine vya Pasifiki na wenyeji wa asili wa Australia, aliowapiga filamu wakicheza ngoma zao, wakipokea wageni, wakibadilishana bidhaa, wakichanjana chale. Ukuta unasogea polepole upande mmoja na makundi yanaingia na kutoka. Wamo mabaharia wa Kiingereza pia, na hapo mambo yanachafuka. Vitu vinagombaniwa, mtu anachapwa viboko, na Cook anauawa mbele ya macho ya mtazamaji. Pengine Cook anaigizwa na mwanamume, pengine na mwanamke, kwa sababu ilisemwa kuwa wenyeji walijiuliza mgeni huyu ni mtu gani, mbona hataki wanawake kama wenziwe. Sisi tulicheka, kisha tukatambua kuwa ni mara chache sana tunapata kumwona mgeni mashuhuri kwa macho ya waliompokea.

Jina la kazi hiyo linamtaja Zuhura. Cook alitumwa Tahiti kuitazama sayari ya Zuhura ikipita mbele ya jua, tarehe 3 Juni 1769. Kwa Wazungu Zuhura lilikuwa pia jina la mungu wa kike wa mapenzi katika hadithi za Kirumi, na wengi wao wakaigeuza Tahiti nzima kuwa kisiwa chake, kisiwa cha wanawake wasiokataa. Reihana ameiita video yake in Pursuit of Venus, yaani kumwandama Zuhura, na mwishoni akaongeza neno lenye maana ya kuambukizwa. Mabaharia wa Ulaya waliacha maradhi ya zinaa visiwani, na Cook mwenyewe aliandika juu ya jambo hilo katika daftari zake za safari. Kwenye ukuta wa Dufour hakuna mgonjwa.

Pana msomaji atauliza: mapambo ya sebule ya watu waliokwisha kufa yana uzito gani? Watoto wa Nyuzilandi, kizazi baada ya kizazi, walisomeshwa skuli kwamba Cook aliigundua nchi ambayo Wamaori walikuwa wakiishi kwa karne nyingi. Alipotia nanga Tūranga, panapoitwa sasa Gisborne, Oktoba 1769, watu wake walimpiga risasi Te Maro akafa, na siku zilizofuata wakauawa wengine. Mwaka 2019, baada ya miaka 250, balozi wa Uingereza alikwenda Gisborne kuwaeleza wazao wao masikitiko ya nchi yake juu ya watu tisa waliouawa. Neno la kuomba radhi halikutumika. Familia zilikuwa zimeyahifadhi majina ya wafu wao muda wote huo, wakati vitabu vinasherehekea ugunduzi.

Katika habari hizi tumempenda zaidi Tupaia, mtu wa kisiwa cha Raiatea, kuhani na bingwa wa njia za bahari. Alipanda jahazi la Cook huko Tahiti mwaka 1769, na walipofika Nyuzilandi yeye ndiye aliyesemezana na Wamaori, kwa kuwa lugha zao ni ndugu. Alifariki kwa maradhi Batavia, ndiyo Jakarta ya leo, mwaka 1770. London kuna picha ya rangi ya wakati huo: Mmaori ameshika kamba koche mkubwa, anabadilishana na Mwingereza mwenye kipande cha nguo mkononi, na kila mmoja amekishika chake barabara asije akadhulumiwa. Kwa muda mrefu mchoraji hakujulikana. Mwaka 1997 ilisomwa upya barua ya Joseph Banks, yule Mwingereza wa kwenye picha, ikabainika kuwa aliyechora ni Tupaia. Mwenyeji alikuwa ameshika brashi tangu siku za mwanzo kabisa.

Hadithi hii si ngeni kwetu. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipewa rubani Malindi wa kumvusha hadi India. Da Gama tulimsoma skuli kwa jina na ukoo, rubani akabaki rubani.

Na kuta zetu tunazo. Waingereza walipokwisha kuitia Zanzibar chini ya ulinzi wao mwaka 1890, kadi za posta zikawa biashara nzuri mjini, na studio za Gomes na Coutinho zilipiga picha nyingi za wanawake wa hapa kwa ajili ya abiria wa meli. Mwanamke amekalishwa mkekani, bega wazi, nywele zimesukwa, na chini yake maandishi ya kigeni yanataja kabila lake au urembo wake. Jina hakuna. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897 tu, na sisi hatuamini kwamba kila aliyekalishwa pale aliulizwa kama anataka kuuzwa kwa senti chache bila stara yake. Leo picha hizohizo tunazikuta zimekuzwa nyuma ya jukwaa la bi harusi, kwenye kadi za mialiko na kwenye mito ya makochi, kwa jina la "Zanzibar ya zamani". Ni nzuri kwa macho, hatukatai. Lakini yule ni mwana wa mtu, na pengine ni bibi wa mmoja wa waalikwa.

Lubaina Himid, aliyezaliwa Unguja mwaka 1954 na kupelekwa Uingereza akiwa mchanga, ndiye mwanamke mweusi wa kwanza kushinda tuzo ya Turner, mwaka 2017. Mwaka 2004 alitengeneza sanamu bapa 100 zilizopakwa rangi, kwa kimo cha mtu: Waafrika waliotumikishwa katika majumba ya kifalme ya Ulaya, wapiga ngoma, washona viatu, walezi wa mbwa. Kila mmoja ana karatasi ya hesabu mgongoni, na humo mna jina lake la asili, jina alilobandikwa na bwana wake, na kazi aliyoifanya.

Bi harusi anayetaka picha ya kale ukumbini aanze kwa mama na shangazi zake. Makabati yetu yana picha za miaka ya 1950 na 1960, mabibi wamesimama na buibui zao au wamejifunga kanga mpya ya Idi, na wapo bado watu wanaowajua. Wakitajiwa, andika majina nyuma ya picha kwa penseli laini, pole pole. Kalamu ya wino hupenya ikatokea upande wa uso.