Filimbi ya Debe: Habari za Sauti na Kipimo katika Pwani ya Lindi

Miongoni mwa vitu vichache nilivyorithi kwa Babu yangu mzaa mama, aliyekuwa fundi bati katika mji wa Lindi, imo filimbi moja iliyofanywa kwa bati la debe. Urefu wake ni sentimita 37 na nusu, na upana wa tundu lake watosha kupitisha ncha ya kidole cha shahada. Katika miaka ya 1960, nilipokuwa mwanafunzi, niliichukua siku moja bila ruhusa nikaipeleka shuleni. Mwalimu aliyetufundisha nyimbo aliisogeza karibu na kinanda, akaniamuru nipulize, naye akabonyeza ufunguo mmoja baada ya mwingine asione hata mmoja uliolingana nayo. Kisha akaniambia mbele ya wenzangu kuwa kile hakikuwa chombo cha muziki, kilikuwa kopo lenye matundu. Jina lake na jina la shule si kitu katika maneno haya. Nilirudi nyumbani nimeificha filimbi ndani ya shati, nikairudisha mahali pake. Babu hakuniuliza neno, wala mimi sikumweleza. Alikwisha kufariki dunia nilipoanza kufahamu kwamba hukumu ile ilikuwa ya haraka, na makala haya ni jaribio la kuisikiliza tena kesi ambayo mshtakiwa wake hakupata nafasi ya kujitetea.

Kwanza yafaa msomaji afahamu chombo chenyewe. Filimbi ni bomba la hewa lenye mlango juu na wazi chini, na sauti yake ya mwisho kwa kina hutegemea urefu wa hewa iliyomo ndani. Bomba likiwa refu sauti hushuka, likifupishwa hupanda. Bati, mwanzi au pembe, kila kimoja hubadili ladha ya sauti kidogo tu. Chenye amri ni urefu. Filimbi za bati zinazouzwa madukani leo aghalabu hukatwa ili sauti yake ya chini iwe ile waitayo D, na kwa sababu hiyo urefu wa hewa yake, kutoka dirishani hadi mwisho wa bomba, hukaribia sentimita 27. Huko Uingereza ufundi huu wa kukunja bati huhesabiwa tangu mwaka 1843, pale Robert Clarke, mfanyakazi wa shamba wa kijiji cha Coney Weston, alipoanza kukunja filimbi za bati lililopakwa stani, akasafiri nazo mpaka Manchester akiziuza. Kwetu bati halikuja kwa filimbi. Lilikuja kwa mafuta ya taa.

Debe la mafuta lilipozoeleka katika bandari za pwani, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, watu hawakulitupa baada ya kumaliza yaliyomo. Lilitekea maji, lilipima mpunga na ufuta, lilikunjuliwa likaezekea nyumba, na fundi akalikata akafanya vibatari, mifereji na vikombe. Mtu wa Lindi alijua ukubwa wa debe kama alivyojua kiganja chake. Ubavu wake una kimo cha karibu sentimita 35, na kipimo hiki kidogo nitakirudia, maana ndicho kilichonifungulia mlango.

Namna ya kuifanya filimbi ile niliiona kwa macho yangu, kwa kuwa Babu aliwafanyia watoto wa jirani nyingine ndogo ndogo. Alikata kwa mkasi wa bati ukanda wenye upana wa vidole vitatu, akausugua kwa mchanga na majivu hadi rangi ya kiwandani ikatoka. Akauzungusha juu ya chuma cha mviringo, akiugonga taratibu kwa nyundo ya mti, kwani nyundo ya chuma huacha mabonde, na bonde ndani ya bomba huikwaruza sauti. Akaushonea kwa lehemu kutoka juu mpaka chini. Kisha akakata dirisha upande wa juu, akatia kizibo cha mti kilichochongwa ubavu mmoja ili kuacha njia nyembamba ya pumzi. Hapo ndipo penye kazi yote. Njia ikiwa pana kuliko inavyostahili, filimbi hupumua bila kulia. Ikiwa nyembamba mno, hupiga kelele kama mbuni. Kizibo cha Babu kilikuwa cha mpingo, vipande vya taka alivyopewa na wachongaji, mti mzito unaozama majini na usiovimba upesi kwa mate. Matundu ya vidole aliyatoboa kwa msumari, madogo kwanza, akayapanua kwa tupa huku akipuliza na kusikiliza, kwa sababu tundu likipanuliwa sauti hupanda, na lililopanuliwa kupita kiasi hurudishwa kwa nta tu.

Sasa, sauti ya kuanzia huchaguliwaje? Swali hili ni la kale katika pwani yetu. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliona katika safari hiyo hiyo huko Mogadishu msafara wa mfalme ukitanguliwa na ngoma na tarumbeta. Wareno wa Vasco da Gama walipopokewa Malindi mwaka 1498, mwandishi wa safari yao aliandika habari za pembe mbili za ndovu, kila moja ndefu kama mtu, zikipulizwa kwa tundu la ubavuni na kupatana vizuri na tarumbeta nyingine. Neno hilo la kupatana hupitwa na wasomaji wengi wanaotazama ukubwa wa pembe. Pembe ya ndovu yaweza kupunguzwa, haiwezi kuongezwa. Kwa hiyo yule aliyezipatanisha alikuwa na njia moja iliyo rahisi, nayo ni kuifanya pembe kuwa bwana na kuvilazimisha vyombo vingine viifuate. Nadhani hii ndiyo kanuni ya kila kundi la wapigaji: kile kisichoweza kubadilika ndicho kinachotawala, na vilivyo laini hujipinda kukifuata.

Katika ngoma zetu za kawaida mkaidi wa namna hiyo hakuwapo. Sauti ya mwimbaji hupanda na kushuka apendavyo, na ngoma ya ngozi huoteshwa moto ikakaza, au huachwa katika umande ikalegea. Mwenye filimbi kati ya watu hawa aweza kukata bomba lake kwa urefu wowote, wala hapana atakayemwambia kuwa amekosea.

Mkaidi aliingia pamoja na jeshi. Mchezo wa Beni, ulioanza katika miji ya pwani ya kaskazini katika miaka ya 1890 kwa kuiga bendi za kijeshi na za misheni, ulienea Tanganyika nzima kwa miguu ya askari, makarani na wachukuzi, hasa wakati wa vita vya 1914 hadi 1918. Lindi ilikuwa katikati ya vita hivyo katika miaka yake ya mwisho. Waingereza walishuka hapo mwaka 1916, na mwezi wa Oktoba 1917 watu walichinjana siku nne huko Mahiwa, katika bonde la Lukuledi, kwa ajili ya ugomvi ambao haukuwa wao. Baada ya vita vyama vya Beni vya Marini na Arinoti vilishindana katika miji mingi kwa mavazi, vyeo, gwaride na tarumbeta. Profesa Terence Ranger alikitengea mchezo huu kitabu kizima mwaka 1975, na anayetaka habari za vyeo na siasa zake atazipata humo. Mimi nashughulika na tarumbeta peke yake. Tarumbeta ya jeshi kwa desturi hutengenezwa katika sauti ya B iliyoshushwa, yaani ufunguo mweusi ulio kushoto kwa B katika kinanda, na mtu hawezi kuiotesha moto ikapanda.

Waliokosa shaba walitafuta hila. Kandokando ya Ziwa Nyasa, mwisho wa njia ya kale ya misafara iliyotoka Lindi na Kilwa, wachezaji wa malipenga walitengeneza tarumbeta za vibuyu zenye utando wa buibui, mtu akiimba ndani na kibuyu kikikwaruza sauti yake. Hila hiyo ni ya akili sana, kwa kuwa kibuyu hakina sauti yake mwenyewe, nacho humfuata mwimbaji popote aendapo. Lakini mwenye filimbi hakuwa na wokovu huo. Akitaka kusimama karibu na tarumbeta lazima bomba lake likatwe kwa kipimo cha tarumbeta.

Nilipofika hapa katika kufikiri kwangu, niliitoa tena filimbi ya Babu nikaitazama kwa kioo cha kukuzia. Mwisho wake wa chini una pete ya bati la rangi nyingine, pana kama kidole gumba, iliyoshonewa kwa lehemu. Siku zote niliidhania kiraka cha mahali palipooza. Kisha nikaona jambo ambalo ni aibu kwangu kutoliona kwa miaka hamsini: chini ya uchafu na kutu kuna matundu sita yaliyozibwa kwa lehemu na kusuguliwa yakawa laini, na matundu sita tunayoyatumia yametobolewa chini yake. Anayetaka kuongeza urefu wa filimbi hawezi kuongeza pete akaacha matundu yalivyo, kwani atashusha sauti ya mwisho peke yake na ngazi nzima itavunjika. Ni lazima atoboe upya. Babu alifanya kazi mbili katika chombo kimoja.

Ukiondoa pete, bomba lina urefu wa sentimita 35, ndio ubavu wa debe, bila kupoteza hata uzi mmoja wa bati. Filimbi ya kwanza basi ilipewa sauti na debe lenyewe, na hesabu yaonyesha kuwa sauti hiyo ilikuwa chini kidogo ya C. Ukiirudisha pete, nilipoipima asubuhi moja ya joto la kiasi kwa programu ya simu, sauti ya chini ilitikisika mara 478 kwa sekunde. B iliyoshushwa ya vinanda vya leo hutikisika mara 466. Tofauti hiyo hukaribia nusu ya umbali ulio kati ya funguo mbili zinazofuatana, na ndiyo iliyomkasirisha mwalimu wangu.

Lakini 466 ni ya nani? Wafaransa waliamuru mwaka 1859 kwamba sauti ya A iwe mitikisiko 435, na mkutano wa Vienna wa mwaka 1885 ukaikubali. Mkutano wa London wa mwaka 1939 uliipandisha hadi 440, ndiyo inayotupa 466 katika B iliyoshushwa. Katikati ya hayo, bendi za jeshi la Uingereza zilikuwa na sauti yao ya juu, A ya mitikisiko 452 na zaidi, nazo hazikuiacha mpaka mwishoni mwa miaka ya 1920. Katika kipimo hicho B iliyoshushwa hutikisika mara 479. Babu alikuwa kijana katika miaka hiyo hiyo ya 1920. Joto nalo lina sehemu yake: hewa ya nyuzi 30 huipandisha filimbi juu ya hewa ya nyuzi 20 kwa karibu thuluthi ya umbali ule wa funguo mbili, ingawa pumzi ya mpigaji hupunguza tofauti. Hata hivyo hakuna joto linaloweza kuziba matundu sita na kutoboa mengine. Aliyefanya hivyo alikuwa anafuata kitu kilichokuwa kikilia masikioni mwake, nami naamini kwamba kilikuwa tarumbeta.

Wataalamu wa Ulaya walikwisha kuonywa juu ya hukumu kama ile ya mwalimu wangu. Alexander Ellis alipima vyombo vya mataifa mengi, na mwaka 1885 akatangaza kwamba ngazi ya sauti si moja duniani wala si ya maumbile tu. Mwaka 1906 Bwana Karl Weule wa Leipzig alifika Lindi na sanduku la kunasa sauti katika nta, wakati Vita vya Maji Maji vilikuwa bado havijaisha katika nchi, akapanda hadi Masasi na Newala. Nyimbo alizozinasa kwa wachukuzi wake Wanyamwezi zilichunguzwa Berlin na Bwana Hornbostel, aliyezitolea maandishi mwaka 1909. Ofisi hiyo ya Berlin iliwaagiza wasafiri wake wapulize kwanza filimbi ndogo yenye sauti ya 435 ndani ya nta, ili msikilizaji ajue mwendo wa kuizungusha. Yaani ili kuupima wimbo wa mchukuzi kwa haki ilitakiwa filimbi, na wenye filimbi hiyo walijua kuwa ni kipimo, hawakuiita muziki wenyewe. Mwalimu wangu alikuwa na kipimo asichojua kuwa ni kipimo.

Niongeze neno moja kuhusu kizibo. Mpingo wa Kilwa na Lindi husafirishwa hadi Ulaya, ambako hufanywa klarineti, na klarineti iliyo ya kawaida kuliko zote ni ile ya B iliyoshushwa. Tangu mwaka 2009 baadhi ya misitu ya vijiji vya Kilwa ina cheti cha kimataifa cha uvunaji mwema, na mti huo sasa huwalipa wenyeji zaidi kuliko zamani. Babu alipata vipande vyake bure.

Mwaka jana nilinunua debe nikakata filimbi ya pili, ili mjukuu wangu anayepiga tarumbeta apate kuipiga pamoja na wenzake. Niliharibu mabomba matatu kabla ya la nne kulia. Hiyo nimeikata kwa 466. Ya Babu sikuigusa. Zikilazwa sambamba juu ya meza, yangu inaizidi yake kwa urefu wa sentimita moja.