Rupia ya Kaizari Mwanza

Rupia ya Kijerumani ilianza kutengenezwa Berlin mwaka 1890 kwa ajili ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Kwa uzito ilifuata rupia ya Uhindi: gramu 11.66, fedha takriban asilimia 92. Hesabu hiyo ilikuwa ya busara, kwa kuwa wafanyabiashara wa Kihindi na Waarabu walishaizoea fedha hiyo, na mwenye ngozi za kuuza hakulazimika kumjua Kaizari ili aipokee.

Kwa picha ilifuata Roma. Upande mmoja yumo Kaizari Wilhelm II amevaa helmeti yenye tai juu yake, na maneno ya Kilatini yamemzunguka: Guilelmus II Imperator. Denari, sarafu ya fedha ya Warumi iliyoanza karibu mwaka 211 KK, ilionyesha kwanza miungu. Kichwa cha Julius Caesar kilipigwa chapa juu yake mwaka 44 KK, mwenyewe akiwa hai, na baada yake wafalme wa Roma hawakuiacha nafasi hiyo. Mahali pasipofika majeshi, uso ulifika. Nyuma ya rupia za mwanzo wapo simba na mnazi, alama za Kampuni. Serikali ilipochukua utengenezaji mwaka 1904, wakaondolewa.

Kwenye mwambao wa Mwanza, ambako leo kuna mitaa kama Igogo, uso huo ulienea kwa kodi kuliko kwa mapenzi. Kodi ya nyumba ilianza mwaka 1898. Mwanzoni mazao yalipokelewa, kisha fedha taslimu ikadaiwa zaidi na zaidi. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, meli za ziwani zilibeba ngozi na mazao, na simbi, zilizotumika kama fedha, zikazidi kupoteza nafasi yake sokoni.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilikata njia ya Berlin. Mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora ilitengeneza sarafu ndogo za shaba zilizoitwa heleri, pamoja na sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Julai mwaka huohuo Waingereza waliitwaa Mwanza.

Shilingi yao ya 1921 ilimrudisha simba, safari hii mbele ya milima. Fedha yake ilikuwa asilimia 25 tu, na Mfalme George V aliandikwa humo kwa Kilatini kuwa Imperator wa Uhindi. Mwaka 1948, Uhindi ikiwa imeshajitawala, shilingi mpya ilitoka bila cheo hicho na bila fedha kabisa. Simba alibaki.